Mrefu wa Mvua

Jumamosi, 2 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Umeme umeenda, umerudi, umeenda tena. Nimefungua duka hata hivyo, maana nikibaki chumbani nitatafuna kucha ziishe.

Duka langu ni chumba kimoja karibu na soko la Arua, huku Uganda. Kuna meza, kompyuta, betri ya sola inayozeeka haraka kuliko mimi, na filamu. Mtu analeta simu au flashi, namjazia. Lakini kujaza si kazi, hata mtoto anajaza. Kazi yangu ni kumwangalia mtu usoni na kumwambia atazame nini. Nje nina ubao mweusi. Kila Jumamosi naandika filamu ya wiki, na watu wa mji huu wananisikiliza kuliko wanavyomsikiliza katekista wao.

Wiki hii nimeanza katuni fupi za kutisha za Kijapani. Si za watoto hizi. Ni hadithi za dakika tano au sita, za majitu ambayo hujui yametoka wapi wala yanataka nini. Sababu yangu ya kuzipendekeza ni ya hapa hapa: umeme wetu haumalizi filamu ndefu. Muuaji yuko mlangoni, wewe roho juu, mara giza, na hutajua kamwe nani alikufa. Fupi inakutisha na kukumaliza kabla umeme haujashtuka.

Ubaoni nimeandika: "Kisima Kinachojua Majina. Fupi. Usitazame ukiwa na kiu."

Jumanne, 5 Agosti

Mwalimu mmoja wa Manibe amerudi kulalamika kwamba mke wake amekataa kwenda kuchota maji. Nimempa pole na nimempa nyingine, ya kitu kinachoishi chini ya meza ya chakula na kunenepa kila watu wa nyumba wanapogombana. Nimemwambia hiyo ni ya kutazama wawili. Ameondoka anacheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Mvua. Na Mama Elena.

Huyu ni mama wa kutoka Sudani Kusini anayeishi Ludara, huko Koboko. Kila Jumamosi anakuja Arua kuuza odii, karanga na simsim zilizosagwa za kuungia mboga. Ni mrefu mpaka anainama kuingia mlangoni kwangu. Karai la odii anabeba kichwani, na mvua ikinyesha analifunika kwa turubai jeusi linaloteremka mpaka mabegani. Anaingia bila hodi, anakaa kwenye kiti cha wateja, maji yanamtiririka kuelekea nyaya zangu.

"Wewe Mukongomani, bado unauza woga?" ameniuliza leo.

"Nauza filamu, mama."

"Hizi shetani zako za leo zinataka nini?"

"Hakuna anayejua. Ndiyo raha yake."

"Mutu yeyote iko na kitu anataka," akasema. "Hata shetani. Wewe hujauliza tu."

Simpendi sana. Anakaa mpaka mvua ikate na haachi kusema. Odii yake ni nzuri, hilo siwezi kumnyima.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata kitu. Mara ya kwanza nimekitazama nimesimama. Mara ya pili nimegeuza kiti ili niuone mlango.

Jina lake ni la Kijapani, hakuna wa kulisoma hapa. Mvua inanyesha shambani. Katikati ya shamba kimesimama kitu kirefu, kichwani kina mzigo, na kitambaa cheusi kimeufunika mzigo na uso pamoja. Kinaita watu wa kijiji kwa majina yao, kwa upole. Msichana mmoja anaitwa, anaitikia bila kufikiri, kama mtu yeyote anavyoitikia. Kesho yake anafungua mdomo na sauti hakuna. Kile kitu kimesogea karibu na nyumba. Basi, imeisha. Hakuna padri, hakuna bunduki, hakuna mzee wa kueleza chochote.

Nywele zimenisimama. Lazima Lemi wa kibanda cha video aipate.

Jumapili, 17 Agosti

Lemi ni vijei. Ndiye anayeshika maiki kibandani Onduparaka na kuitafsiri filamu huku inaendelea. Alizaliwa Ludara, ana sauti ya kuweza kuuza maji wakati wa mvua, na niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: akikohoa tu kwenye maiki, moyo unanienda mbio.

Vijei hatafsiri maneno peke yake. Kila anayetokea kwenye skrini anakuwa mtu wetu. Jambazi anahamishiwa Koboko, mlevi anapewa jina la jamaa aliyekaa benchi la mbele, na mwenye jina anasimama na kupunga mkono. Ukitajwa na Lemi, wenzako wanakununulia soda. Asipotaja mtu, watazamaji wanasema wamepunjwa.

Leo mchana, kibanda kimejaa kwa sababu mpira umeahirishwa na mvua, ameiweka ile fupi yangu. Kile kitu kilipotokea shambani, Lemi alisogeza maiki mdomoni. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Munaona huyu? Huyu iko ule mama murefu wa odii, wa soko ya Ludara. Mvua ikianza, yeye iko njiani. Akikuita, usijibu."

Kibanda kililipuka. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu alikuwa yeye kabisa. Karai, turubai, urefu. Hata anavyosimama.

Tumerekodi ile sauti. Lemi ameipa jina: Mrefu wa Mvua.

Jumatatu, 18 Agosti

Ubaoni: "Mrefu wa Mvua. Fupi. Ukiitwa, nyamaza." Foleni mpaka kwa fundi cherehani.

Jumamosi, 23 Agosti

Mvua. Umeme hakuna. Mrefu anakwenda Koboko kwenye kila simu. Madereva wa magari ya huko wanamtaka, mafundi wanamtaka, hata sista mmoja ametuma mtu. Mama Elena amekuja na kukaa kama kawaida. Nimegeuza skrini ukutani.

Jumatano, 27 Agosti

Mvua. Siwezi kukaa wala kusimama. Nimepanga upya rafu, nikaipanga tena ilivyokuwa.

Jumamosi, 30 Agosti

Mama Elena amekuja na karai limejaa. Hilo si kawaida. Siku nyingine akifika kwangu tayari ameuza nusu njiani.

"Watoto wa Ludara wananikimbia," amesema. "Nasalimia, wanafunga mdomo na mukono, hivi. Nimewafanyia nini?"

Amenionyesha jinsi wanavyoziba midomo. Nilijua mara moja. Nilishika kitambaa nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Nimenunua odii zaidi ya ninayoweza kula.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama Elena hakuja. Kiti kimekaa kikavu siku nzima, nami nimekitazama siku nzima.

Jumanne, 9 Septemba

Lemi amekuja dukani mbio. Ndugu yake amempigia kutoka Ludara. Kuna msichana mdogo anaitwa Linda, binti wa mwanamke mmoja muuza mihogo, Patricia. Ijumaa, mvua ikimnyeshea njiani, Mama Elena alimwita kwa jina. Msichana akaitikia. Jumapili akaamka hana sauti.

Hana sauti kabisa, kama kwenye filamu.

Sasa Patricia anasimama mbele ya nyumba ya Mama Elena akilia na kumtaka arudishe sauti ya mtoto. Watu wamevuta nyasi za paa lake upande mmoja. Mwenyekiti wa soko, Bwana Swaka, amesema meza ya Mama Elena isiwekwe tena. Na Jumanne ijayo, siku ya soko, kikao kitaamua kama aondoke Ludara.

"Lakini mimi nilitania," Lemi amesema. "Kila mutu nataniaga. Nimemwita hata baba yangu mwizi wa kuku."

"Baba yako alikuwa amekaa benchi la mbele, anacheka. Huyu mama hakuwepo."

"Na wewe je? Nani aliandika ubaoni?"

Nikamwambia atoke. Akatoka kwenye mvua bila kofia. Nimefuta ubao kwa mkono mpaka kiganja kimekuwa cheupe. Mjinga mkubwa yule. Na mimi mjinga wa pili.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimefika Ludara. Barabara ni matope, nimetembea kipande cha mwisho na viatu mkononi.

Nyumba ya Mama Elena iko ukingoni mwa shamba la muhogo. Upande mmoja wa paa uko wazi, na pale ametandika lile turubai jeusi. Alikuwa ndani, anasaga simsim kwenye jiwe, kana kwamba kesho kuna wa kumuuzia. Hakushangaa kuniona. Alinisogezea kigoda pakavu, yeye akakaa upande unaovuja.

Nimemwambia yote. Filamu, kibanda, sauti ya Lemi, ubao wangu. Nimemwambia nilicheka. Niliona afadhali anitukane.

"Nionyeshe," akasema.

Nimemwonyesha kwenye simu. Ameitazama mpaka mwisho, akaomba tena. Mara ya pili amesogeza simu karibu na uso.

"Huyu kweli iko kama mimi," akasema. Kisha akauliza, "Anasema nini? Yeye mwenyewe, si Lemi."

"Anaita majina ya watu, mama. Basi."

"Na wewe hujui kwa nini anaita."

"Haielezwi."

Akarudisha simu. "Linda alikuwa anatembea kwa mvua bila kitu kichwani, meno yanagonga. Nilimwita: Linda, kuja ndani, utalowa. Akajibu: asante mama, nakimbia nyumbani. Ni hiyo tu nilifanya."

Nimemuuliza kama mtoto amepelekwa hospitali. Amepelekwa. Wamesema koo limevimba, wamempa dawa, sauti itarudi polepole. Lakini Patricia anasema dawa ya hospitali haijui kitu kama hiki, na majirani wanaitikia ndiyo.

Nimemwambia aje Arua akae kwangu mpaka mambo yapoe. Hapo ndipo nilimwona amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilikimbia risasi," akasema. "Nikakimbia njaa. Sasa nikimbie katuni?"

Akarudi kwenye jiwe lake. Simsim ilikuwa imeshalainika, lakini aliendelea kusaga. Wakati naondoka amenifungia odii kwenye jani la ndizi. Nimelia njia nzima mpaka Koboko. Siku zote nilidhani ni mwanamke wa maneno mengi, na kumbe kwangu ndiko alikokuwa anapata wa kuzungumza naye.

Ijumaa, 12 Septemba

Lemi amerudi. Macho mekundu, hajalala. Anataka tuifute ile filamu. Nimemuuliza atafuta simu za nani. Iko Koboko yote, labda imeshavuka mpaka, iko Yei tayari.

Halafu amesema jambo la kazi yake, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimemsikia Lemi ninayemjua. Filamu ikishatafsiriwa haifutiki. Kinachoweza kuifunika ni sauti nyingine, watu wakiipenda zaidi ya ile ya kwanza. Ndivyo mavijei wanavyonyang'anyana wateja.

Kwa hiyo Jumanne anakwenda kibanda cha Ludara, kabla ya kikao, kuitafsiri upya na kuomba msamaha humo humo.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Nimechaji betri kubwa kwa jirani mwenye jenereta.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika nikiwa Koboko.

Kibanda cha Ludara ni miti na maturubai pembeni ya soko. Asubuhi mvua iliwakimbiza watu wote ndani, na hilo lilitusaidia. Walijaa mpaka wengine wakasimama kwenye matope ya mlangoni. Bwana Swaka alikaa mbele, miguu imenyooka. Patricia alisimama pembeni, Linda mgongoni ingawa mtoto ni mkubwa wa kutosha kutembea, shingo imefungwa skafu. Mama Elena alikuja mwisho. Watu walimpisha zaidi ya ilivyohitajika. Akabaki nyuma, karai mkononi.

Lemi alishika maiki. Kabla ya kuwasha filamu alisema, "Ndugu zangu, ule mama si shetani. Mimi nilidanganya. Naomba musamaha."

Wakacheka.

Akarudia, sauti inatetemeka. Wakacheka zaidi, mmoja akapiga mluzi. Ndipo nikaelewa, naye akaelewa, nikamwona uso unavyombadilika. Sauti ile ya maiki wameizoea kwa utani tangu wakiwa wadogo. Akilia wanasema anaigiza. Akiapa wanasema leo yuko moto. Kijana mmoja akamrushia sarafu, ndivyo wanavyompa sifa, na Lemi akaishusha maiki.

Mama Elena akapita katikati ya watu. Aliweka karai chini kwenye matope, akanyoosha mkono. Lemi akampa maiki. Hakuna aliyecheka tena.

"Weka," akaniambia.

Nikaiweka, simu yangu ikirekodi. Mvua ya kwenye skrini na mvua ya kwenye maturubai ya kibanda zikachanganyika. Kile kitu kikatokea shambani, na watoto wakaziba midomo yao.

Mama Elena aliishika maiki mbali mno, ikabidi watu wasogee kumsikia.

"Huyu iko mimi," akasema. "Lemi hakudanganya. Huyu mama anatoka mbali. Ametembea na watoto yake wawili. Ilikuwa mvua, mvua kama hii, na watu wanapiga bunduki, kila mutu anakimbia kwake. Asubuhi watoto hapana. Sasa anasimama kwa shamba na anaita."

Kitu kile kwenye skrini kikaanza kuita. Naye akaita pamoja nacho, kwa upole ule ule.

"Tongun. Ladu."

Akangoja. Kwenye filamu pia kuna kimya pale. Nimeitazama sijui mara ngapi na sikuwahi kukisikia kile kimya.

"Hawajibu," akasema. "Anaita kila mvua, hawajibu. Basi anaita watoto ya watu wengine. Anasema, ingia ndani, utalowa. Hiyo tu anataka. Sauti ya mutu, ataipeleka wapi?"

Msichana wa kwenye skrini akafungua mdomo na sauti haikutoka. Mama Elena hakusema kitu juu yake. Akamtazama tu. Kisha filamu ikaisha, skrini ikawa nyeusi, na yeye hakurudisha maiki. Nadhani alisahau kwamba ameishika. Akaita tena, gizani mle, si kwa ajili yetu.

"Tongun. Ladu."

Kila mtu pale alijua sheria: ukiitwa usijibu. Watu wazima, Bwana Swaka mwenyewe, walikaa wameuma midomo. Nilitaka kujibu, na naandika kwa aibu kwamba nami niliogopa. Mimi niliyeiuza.

Aliyejibu ni Patricia.

"Niko hapa, mama," alisema. Akarudia kwa nguvu. "Niko hapa."

Mtoto mgongoni alimshika mama yake mdomo kwa mikono miwili, amzuie. Patricia aliiondoa mikono ile taratibu, akatembea mpaka mbele, na akachukua karai la odii kutoka chini kwenye matope akalipangusa kwa nguo yake. Hawakukumbatiana. Mama Elena alikuwa analia bila kutoa sauti na maiki ikatoa pumzi yake kwa kibanda kizima.

Bwana Swaka alikohoa, akasimama, akasema soko limechelewa. Kikao hakikukaa. Nilimwona baadaye mwenyewe anasogeza meza za watu ili ya Mama Elena irudi mahali pake, huku anafoka kwamba nani ameweka vitunguu hapa.

Lemi alikaa nje kwenye mvua. Nilikwenda nikakaa naye. Hakutania, nami sikutaka atanie.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua. Umeme upo, ajabu.

Ndugu yake Lemi amepiga simu. Vijana wanapandisha nyasi mpya kwenye paa, na Lemi yuko juu nao tangu Alhamisi ingawa hajui kuezeka. Linda ameanza kunong'ona. Kuna wanaosema sauti imerudi kwa sababu mama yake aliitikia, na kuna wanaosema ni dawa. Bado wapo wanaovuka barabara wakimwona Mama Elena. Sijui watakoma lini.

Ubaoni nimeandika: "Mrefu wa Mvua. Fupi. Sauti ya Elena wa Ludara." Ile ya kwanza simpi mtu. Anayeitaka namwambia akae nimwonyeshe hii, na mpaka sasa hakuna aliyetaka ya kwanza baada ya hii.

Mchana mlango ukawa giza, akainama, akaingia bila hodi. Karai lilikuwa limebaki robo. Akakaa kwenye kiti chake, maji yakatiririka kuelekea nyaya zangu, nikaziinua nyaya.

"Ile ya kisima," akasema. "Ile inajua majina ya watu. Iko fupi?"

"Fupi, mama."

"Weka nione," akasema, akavua turubai. "Labda na yeye hakuna mutu amemuuliza."